Kuku wa Kiti cha Mbele

Gari letu lilikuwa na usukani upande wa kulia. Nalisema hilo kwanza kwa sababu bila hilo sina cha kusimulia. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari la kuendesha hivyo linatakiwa kuwa na usukani kushoto, ili dereva akae katikati ya njia na amwone anayekuja mbele. Lakini magari tunayoyapata Goma sisi watu wa kawaida yametumika kwanza Japani, yakashushwa kwenye bandari za mashariki, yakatufikia na usukani wake palepale Wajapani walipouweka. Sasa ukiwa nyuma ya lori na gari kama hilo, unaona nini? Unaona mtaro. Unaona migomba na mbuzi aliyefungwa kando ya njia. Kama kuna gari linalokuja mbele, utalijua likishakufikia.

Dawa yake kila mtu Goma anaijua. Anayeketi kiti cha mbele kushoto ndiye macho yako. Anachungulia, kisha anakuambia neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Pita." Hakuna aliyetufundisha kazi hiyo darasani. Wauza nyanya wanaijua, mapadri wanaijua, na mtu akiomba umsogeze mjini akaketi mbele, anajua kuwa amepewa kiti pamoja na kazi yake.

Mke wangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Hakuwa na maneno mengi, na hakukosea. Mwenye kasoro nilikuwa mimi. Nafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari kule Murara, na kwa miaka mingi kazi yangu ya kila siku imekuwa kunyamazisha watu. Nikiingia darasani wanafunzi hamsini na wanane wanafunga midomo. Mtu akizoea hivyo anafika mahali anaamini kuwa wengine wanaponyamaza ni kwa sababu yeye anasema kweli. Hata gari lenyewe nililidharau. Kila nilipoliwasha, sauti ya mwanamke ilitoka mahali fulani karibu na redio ikasema sentensi ndefu ya Kijapani, kwa adabu kabisa. Sikuwahi kujua alikuwa ananitaka nini. Mke wangu alikuwa akisema kwamba ndivyo ninavyosikiliza sauti zote za wanawake ndani ya gari lile.

Ilikuwa katika mwaka mmoja ambao barabara ya Minova ilikuwa inapitika. Jumapili moja tulitoka Goma kwenda kuwasalimu wakwe zangu huko Minova, mimi na yeye tu. Tulipofika Mubambiro, kabla ya Sake, tulikuta lori la fuso mbele yetu, limebeba makreti matupu ya bia, linakwenda mwendo wa mgonjwa. Nikasogea kushoto kidogo. Mke wangu akachungulia, akasema, "Bado."

Nilimsikia. Hili nilikataa kulikiri kwa wiki tatu, kwa hiyo naliandika hapa wazi: nilimsikia vizuri sana. Nikakanyaga mafuta, nikapita.

Aliyekuwa anakuja mbele alikuwa fuso mwingine. Sijui niliukata usukani namna gani. Ninachojua ni kwamba tulivuka njia yake yote, tukaenda kusimama ng'ambo juu ya mawe meusi ya volkano, katikati ya shamba la mahindi la mtu, na kioo cha pembeni cha upande wangu hakikuwepo tena. Fuso alikuwa amepita nacho. Vumbi lilipotulia nilimwangalia mke wangu. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akafungua mlango, akashuka, akatembea mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki, akapanda. Pikipiki ikaelekea Sake, ikaendelea kwao Minova. Hakunigombeza wala hakulia. Aliniacha na mwenye mahindi, mzee mmoja aliyetaka kujua kwa nini nimekuja kulima kwake siku ya Jumapili.

Nilirudi Goma nikijiambia atarudi Jumanne. Jumanne ikapita, na Jumanne nyingine. Nikimpigia simu alikuwa anapokea vizuri, "Niko muzima, aksanti, na nyumba inaendelea?" kisha anasema simu yake inataka kuzimika. Watu wakiniuliza, nilikuwa nawaeleza kosa la dereva wa fuso. Nilieleza mpaka nikachora. Katika chumba cha walimu niliwachorea wenzangu barabara nzima kwenye ubao, fuso wa kwanza, fuso wa pili, na mishale. Mwalimu wa hesabu, bibi mmoja anayekaribia kustaafu, aliangalia mchoro ule kwa makini akauliza, "Na mama alikuwa ameketi wapi?" Nilifuta ubao.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa Goma. Alikuwa amekuja kumsaidia binti yake mwingine aliyejifungua, anayekaa Majengo. Shemeji yangu huyo akanipigia simu siku ya Alhamisi: Mama anarudi Minova Jumamosi, na kwa kuwa mimi nina gari, nimpeleke. Hakutaja jina la dada yake. Hakukuwa na haja. Nilielewa kwamba nimefunguliwa mlango, na mlango wenyewe unapitia kwa mama mkwe.

Lazima nieleze heshima ya mkwe kwa asiyeijua. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao, wamekumbatiana, wanacheka. Mama mkwe wangu hakuwa wa namna hiyo. Yeye alishika ya zamani. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaketi karibu, na maneno kati yao ni ya salamu na ya lazima, tena yanapita pembeni ikiwezekana. Katika miaka miwili ya ndoa yangu sikuwahi kumwona mama yule uso mzima. Namjua kwa kitenge na kwa viatu.

Kwa hiyo nilipanga mambo vizuri. Mume akienda kumtafuta mke aliyekasirika akarudi kwao haendi peke yake. Anaenda na mtu wa kumsemea. Mimi nilikuwa na parrain wa ndoa yetu, yule msimamizi aliyesimama nasi kanisani, mtu mwenye sauti nzito na tumbo la kuheshimika. Angeketi mbele kushoto. Angeniambia bado na pita mpaka Minova, na tukifika angeniombea msamaha kwa maneno yaliyonyooka. Mama mkwe angeketi nyuma na mizigo yake, na hakuna ambaye angemtazama mwenzake usoni.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nimeshaegesha mbele ya nyumba ya shemeji kule Majengo, parrain akapiga simu. Mke wake alikuwa amempangia kazi nyingine. Nikamkumbusha kwamba ndoa yangu iko hatarini. Akanijibu, "Weye enda tu, mwalimu. Kwa kusema, nani anakushinda?"

Mama mkwe akatoka. Nilisimama kando ya gari, nimeinamisha kichwa.

"Jambo, Mama."

"Jambo, mukwe," alisema, akiisalimu tairi ya mbele.

Alijifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, akaingia nyuma, upande wa kushoto. Upande wa kulia tulijaza mizigo mpaka juu: unga, sabuni, sufuria mpya, godoro la mtoto lililokunjwa. Mikononi mwake akabaki na kuku. Alikuwa tetea wa rangi ya kahawia, amefungwa miguu kwa kipande cha kitenge. Wakwe wa Majengo walimpa mama kwa kumshukuru kuangalia mzazi. Kumtoa kuku Goma kumpeleka Minova, mahali kuku wengi wa Goma wanakotoka, si jambo la akili, lakini zawadi ni zawadi. Kuku akaanza kupiga mabawa karibu na unga. Mama akapitisha mkono katikati ya viti akamweka mbele, kwenye kile kiti cha kushoto.

"Kaa pale," alimwambia. "Kiti isibakie bule."

Nikawasha gari. Yule mwanamke wa Kijapani akasema sentensi yake. Nyuma yangu nikasikia mama mkwe akiitika, kwa heshima zote: "Jambo, mama."

Mpaka Sake barabara ni ya lami, na tulienda vizuri. Baada ya Sake lami inaisha, na ndipo uzuri wenyewe unapoanza. Barabara inashika ukingo wa ziwa, inapanda na kushuka, inaingia kwenye migomba na kutoka. Ukielekea Minova, ziwa liko kushoto kwako njia nzima. Watu wanatoka mbali kuja kuiona njia ile. Mimi nilikuwa nimeketi kulia. Upande wangu kulikuwa na kilima, na kilima kilikuwa karibu kiasi cha kukigusa kwa kiwiko. Mazuri yote yalikuwa upande wa kuku.

Kwenye kizuizi kimoja polisi kijana alikuja kuomba kibali cha kuendesha. Kwa mazoea alienda dirisha la kushoto, akainama, akasema kwa sauti ya kazi, "Bonjour, chauffeur, permis." Kuku akamtazama kwa jicho moja. Polisi naye akamtazama. Niliinua mkono upande wangu kama mwanafunzi anayejua jibu, lakini yeye aliendelea kumwangalia kuku kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika mlango, akatufungulia kamba bila kuona karatasi yoyote. Nyuma kitenge kilikuwa kinatikisika. Mama mkwe alikuwa anacheka, na kwa heshima alikuwa anacheka ndani.

Kisha tukamkuta fuso. Safari hii alibeba magodoro na mapipa, na alikuwa anapanda kilima kabla ya Kirotshe kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Vumbi lake lote lilikuja kwetu. Nilifunga madirisha, tukaanza kupikika. Nikafungua, tukaanza kula vumbi. Nilisoma namba yake ya nyuma mpaka nikaikariri, na hata leo naikumbuka.

Sikuwa na macho. Kiti cha macho kilikuwa na kuku. Basi nikafanya wanavyofanya madereva wenye kiburi: nikasogeza gari kushoto ili nichungulie mwenyewe. Pikipiki ikanipigia honi usoni, nikarudi. Mara ya pili ilikuwa gari la abiria, nikarudi kwa nguvu mpaka sufuria zikaanguka. Mara ya tatu alikuwa mwanamke mwenye mzigo wa kuni mgongoni, anatembea pembeni yake mwenyewe, na aliruka mtaro kwa ajili yangu. Alinitukana kwa Kihunde. Sielewi Kihunde sana, lakini nilielewa.

Nyuma mama mkwe alikohoa. Mkwe hamkemei mkwe. Niliwaza kwamba ndani ya saa moja mama huyu ataingia nyumbani kwake, binti yake atamuuliza, na yeye atamwambia alichokiona. Nilikuwa namwonyesha kwa macho yake kwa nini mtoto wake alishuka garini.

Halafu nikasikia, polepole:

"Weye kuku."

Nilidhani kuku ameharibu kitu.

"Weye kuku," akasema tena. "Uko mbele pale, unaangalia nini? Moto inakuya. Batu batatu bako juu yake."

Pikipiki ikatokea, imebeba watu watatu, ikapita.

Nilikaza mikono kwenye usukani. Sikugeuka, sikujibu. Maneno hayakuwa yangu.

"Kuku, bado. Gari ya sambaza iko inashuka."

Gari la samaki likapita, likatuachia harufu yake.

"Bado, kuku. Kuko kona."

Kona ikapita.

"Haya kuku, sasa pita! Pita, pita, pita!"

Nikapita. Ghafla mbele yetu kulikuwa na barabara tupu na hewa safi, na kuku akatoa sauti moja fupi, nadhani ya mshangao. Nilitaka kusema "aksanti, Mama," lakini hilo lingeharibu kila kitu. Nikasema, "Aksanti, kuku."

"Hakuna nini," alijibu mama mkwe kwa niaba yake.

Tukaenda hivyo mpaka Bweremana na kuendelea. Kila tulipokuta lori au chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, iliyojazwa magunia, kuku alipewa maagizo na mimi nikayatekeleza. Akiambiwa bado, nilingoja. Akiambiwa pita, nilipita. Na kati ya maagizo hayo mama alianza kumwonyesha kuku nchi. "Kuku, angalia ile maji. Unaona mpaka mawe ya chini." "Kuku, kisiwa ile, njo kwenye batu balikuwa banachunga ng'ombe zamani." "Kuku, pale njo niliteka maji siku nilikuwa binti, ilikuwa safi vile vile." Nilitamani kuangalia, lakini kuku ndiye aliyeambiwa aangalie, mimi nilikuwa dereva tu. Mara moja tu niliiba jicho. Niliona maji ya kijani karibu na ukingo, na chini yake mawe, na mwanamke anasugua sufuria juu ya mawe hayo. Kisha kuku akaambiwa, "Mutu wa usukani aangalie mbele," nikarudi kazini.

Karibu na Minova ilitokea mara moja nikadhani mama amezidisha woga. Lori la mchanga lilikuwa mbele, njia ilionekana imenyooka, na yeye akasema, "Bado, kuku." Mguu wangu ulianza kukanyaga mafuta wenyewe. Nilijua njia ni tupu. Nilikuwa na uhakika uleule niliokuwa nao Mubambiro, uhakika wa ualimu, unaoanzia kifuani na kupanda mpaka masikioni. Lakini nani angethubutu kumkatalia mama mkwe? Nikangoja. Na kutoka kwenye bonde dogo ambalo sikuweza kuliona akapanda fuso, amejaa, taa zimewaka, akatupita kwa kishindo mpaka kuku akafumba macho.

Niliona aibu. Sio aibu ndogo ya kuangusha kalamu mbele ya wanafunzi. Nilikuwa nimemtii kuku, kilomita ishirini, bila kubisha hata mara moja. Mwanamke niliyeapa mbele ya watu kumsikiliza aliniambia neno lilelile, mara moja tu, nami nikaona ananichelewesha.

Tulipofika, mke wangu alikuwa uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Alisimama, akamkumbatia mama yake, akanisalimu kwa "Karibu" ya wageni. Baba mkwe alikuwa ameketi mlangoni na kofia yake. Akanyanyua mkono. Mama mkwe akafungua mlango wa mbele, akamtoa kuku, akampa binti yake.

"Mama," mke wangu aliuliza, akininyooshea kidevu kidogo, "amekuleta muzuri?"

"Uliza kuku," alisema mama.

Na kwa kuwa kuku hakujibu, akaeleza yeye. Alieleza akiwa amenipa mgongo, kwa sauti ya kutosha uani kote. Alieleza pikipiki ya watu watatu, gari la sambaza, lori la mchanga. Hakuficha mwanamke wa kuni. Mke wangu alicheka aliposikia habari ya polisi. Nilimwona akijaribu kuzuia, ikamshinda. Mimi nikaanza kupumua. Nikadhani tumemaliza.

Halafu kicheko kikaisha. Akanitazama moja kwa moja, na kuku yuko kwapani mwake.

"Kwa hiyo kuku unamusikia," alisema. "Na miye?"

Nilikuwa nimejiandaa. Mwalimu haendi mahali bila kujiandaa. Nilikuwa na hotuba ya sehemu tatu: hali ya barabara, mwendo wa yule fuso wa pili, na wajibu wa wanandoa wote wawili katika safari. Niliifanyia mazoezi bafuni. Nilifungua mdomo, nikasema, "Premièrement," yaani kwanza kabisa, kisha nikaona mkono wake umeshika kitenge cha miguu ya kuku, na nikaikumbuka mikono ile ilivyoshika mkoba kwenye mahindi.

"Ulisema bado," nikamwambia. "Nilisikia. Nikapita. Karibu nikuue."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo pekee ambayo sikujua itapokewaje. Alimfungua kuku miguu, akamwachia uani, akaingia ndani. Mama mkwe naye akaingia. Nikabaki na baba mkwe.

Nilikaa pale zaidi ya saa moja. Baba mkwe aliniuliza kama mvua imenyesha Goma. Nikasema imenyesha. Baada ya muda akaniuliza tena kama imenyesha. Chakula kililetwa: ugali, sambaza, majani ya muhogo. Nilikula kidogo. Kutoka ndani nilisikia sauti za wanawake wawili lakini si maneno yao, na mara hii nilikuwa nasikiliza kwa masikio yote, nami sikuambulia kitu. Nilianza kujizoeza wazo la kurudi peke yangu. Niliwaza nyumba yetu ya Mabanga, jinsi kwa wiki tatu nilikuwa natandika kitanda upande mmoja tu. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Alitoka akiwa na mkoba uleule. Aliwaaga wazazi wake, akaja mpaka kwenye gari bila kuniangalia. Akafungua mlango wa nyuma.

Nilielewa maana yake. Mtu anayeketi nyuma hana kazi. Anapelekwa tu, kama mzigo mwingine, na chochote dereva atakachokifanya ni shauri lake. Nilishika ufunguo. Aliweka mkoba kwenye kiti cha nyuma. Akaufunga mlango. Akasimama kidogo, akafungua wa mbele, akainama kukiangalia kiti.

"Kuku yako imeacha kazi," alisema.

Kweli, kuku alikuwa ameacha kumbukumbu katikati ya kiti. Mke wangu akachuma jani la mgomba, akapangusa mara ya kwanza, akachuma la pili akapangusa tena, akatandika kitambaa, akaketi. Nikawasha gari. Sauti ya Kijapani ikasema yake, na sisi wote wawili tulimngoja mpaka akamaliza.

Kurudi Goma, ziwa liko kulia. Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote nimekuwa nikirudi njia ile nikitazama nyuma ya malori, sikuwahi kugundua kwamba usukani wa kulia, unaoninyima barabara, unaniweka ukingoni kabisa mwa maji wakati wa kurudi. Yalikuwa pale chini ya kiwiko changu, yametulia, na jua la saa kumi linaingia mpaka chini. Watoto walikuwa wanaogelea kwenye mawe. Mke wangu alifanya kazi yake: "Bado." "Bado." "Pita." Hakuongeza neno, nami sikuongeza. Ilikuwa sauti kavu ya mtu anayefanya majaribio. Mahali pamoja alisema bado nyuma ya chukudu ya viazi kwa muda mrefu mno, kwenye mteremko ambao hata mimi niliuona mtupu. Nilingoja. Mwenye chukudu alinigeukia mara mbili, akaona kama namdhihaki, akanipungia mkono nipite. Sikupita mpaka nilipoambiwa.

Tulipotoka Sake na kushika lami, tukamkuta fuso wa makaa. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu, na juu yake kulikuwa na watu wameketi. Mbele yetu ilikuwa Mubambiro. Niliona kwa mbali mawe meusi na shamba lile, na mahindi yaliyokuwa yamelala bado yamelala. Nilipunguza mwendo, nikashika nafasi yangu nyuma ya fuso, nikangoja neno.

Neno halikuja. Hakusema bado, hakusema pita. Nilijua sababu: tumefika mahali penyewe, na hana la kuniambia mahali hapa. Sikuthubutu kugeuka kumwangalia. Niliangalia fuso, na nikiweza niliangalia ziwa. Mubambiro ikapita. Magari yakaanza kujipanga nyuma yetu yakipiga honi. Yakachomoka moja moja kutupita, na kila dereva aliyenipita alinitazama apate kujua ni mtu wa namna gani. Pikipiki zilinipita. Watu waliokaa juu ya makaa walianza kunizoea. Mama mmoja kati yao akanisalimu kwa mkono, nami nikamrudishia. Tukafika Mugunga, neno hakuna. Nikajiambia kwamba kama adhabu yangu ni kumfuata fuso huyu mpaka mwisho wa dunia, basi nitamfuata. Nilikula moshi wake mpaka Ndosho, zikaanza nyumba za mji, na mpaka hapo nilikuwa nimetoka Sake bila kupita gari hata moja, jambo ambalo sidhani dereva mwingine wa Goma amewahi kulifanya.

Fuso akasimama kushusha makaa. Nikasimama nyuma yake. Na kwa kuwa sasa hakukuwa na pa kuangalia tena, nikageuza shingo kushoto.

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na mikono imelegea juu ya mapaja, haijashika kitu.

Nilizima injini ili mtetemo usimwamshe. Kimya ndicho kilichomwamsha. Akafumbua macho, akaangalia nyumba za Ndosho, akaangalia magunia ya makaa mbele yetu.

"Huyu si yule fuso wa Sake?"

"Ni yeye."

"Na haukumupita juu ya nini?"

"Hukuwa umesema kitu," nikamwambia.

Akapangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akachungulia upande wake, mbele na nyuma, kama inavyotakiwa.

"Nililala toka Sake," alisema. "Haya. Pita."